Kutoka kanda hadi rafu

Mwaka 1989 Indiana University Press ya Marekani ilichapa Three Swahili Women, kitabu chenye maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kama walivyoyasimulia wenyewe. Wahariri ni Sarah Mirza na Margaret Strobel. Miaka miwili baadaye likafuata toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili: Hadithi za Maisha kutoka Mombasa, Kenya. Masimulizi ya Waafrika yaliyochapwa na vyuo vikuu vya ng'ambo ni mengi. Yaliyorudi katika lugha ya aliyesimulia, ili mjukuu wake ayasome bila mkalimani, ni ya kuhesabu kwa vidole.

Nataka kukifungua kitabu hicho kama fundi anavyofungua injini, nione kilivyoundwa, nikiwa na maktaba ndogo ya Kasenyi akilini. Kasenyi ni mji wa wavuvi wa Ituri, mashariki mwa Congo, kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, chini ya mteremko mkali unaoshuka kutoka nyanda za juu za Bunia. Kama kwingine kote Congo, tarehe 8 Machi ni siku ya akina mama kushona kitenge cha sare na kuandamana. Tarehe 9 kinachobaki ni kitenge. Sina ugomvi na maandamano, ila historia ya wanawake haiwezi kutunzwa na siku moja ya ngoma. Wamarekani nao walianza na wiki moja, katika wilaya ya Sonoma huko California mwaka 1978, na ilipofika 1987 bunge lao lilikuwa limeufanya Machi wote kuwa mwezi wa historia ya wanawake. Maktaba zao ziliukuta mwezi huo vitabu vikiwa tayari rafuni. Sisi inatubidi kwanza tuvitengeneze vitabu vyenyewe.

Uamuzi wa kwanza wa Mirza na Strobel unaostahili kuigwa ni idadi. Strobel alifanya utafiti wake Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaongea na wanawake wengi, na matokeo yake yalitoka mwaka 1979 katika kitabu chake cha kitaaluma, Muslim Women in Mombasa. Katika kitabu cha namna hiyo msimulizi ni shahidi: anaitwa, anasema sentensi mbili, anaondoka. Kitabu cha pili kiliwachukua watatu tu kikawaachia nafasi. Kaje wa Mwenye Matano alizaliwa mnamo 1890 katika familia ya waungwana waliomiliki watumwa. Mishi wa Abdala alitoka katika ukoo wa watumwa. Shamsa Muhamad Muhashamy, aliyezaliwa 1919, aliishi hadi zama za vyama vya wanawake vyenye katiba na mikutano.

Kwa nini watatu? Angekuwa mmoja, angegeuka shujaa, na shujaa hapingwi na mtu. Wangekuwa thelathini, wangegeuka takwimu. Watatu wanatosha kupingana. Msomaji anasikia habari za utumwa kutoka kwa mjukuu wa mwenye watumwa na kutoka kwa mjukuu wa watumwa, wote wa mji mmoja, na hakuna anayemfungia hesabu. Kwa Ituri jambo hili si la ufundi pekee. Maktaba ya Kasenyi ikianza na mama mmoja wa jamii moja, hata awe ametenda makuu kiasi gani, kesho yake itaitwa maktaba ya jamii hiyo, na keshokutwa atatokea mtu wa kuichoma. Mhema, Mlendu, Mualuri, na yule aliyekuja kwa ajili ya samaki akabaki: wote wana mama zao ufukweni. Waanze watatu kwa pamoja, na kitabu kimoja.

Uamuzi wa pili ni swali, na hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Mwalimu anawasha kinasa sauti, anamwambia bibi, "Tusimulie maisha yako." Bibi anajibu kwamba alizaliwa, aliolewa, alizaa watoto tisa, wanne Mungu aliwachukua, na anamshukuru Mungu. Dakika saba. Mwalimu anahitimisha kwamba wanawake wetu hawana mazoea ya kusimulia.

Mombasa walikuwa na mlango mwingine, nao ni lelemama. Ngoma hiyo ilichezwa na vikundi vyenye vyeo, sare, michango na uadui wa kweli. Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana kwa miaka, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu zilizowafilisi baadhi yao. Mwanamke ambaye hana la kusema kuhusu "maisha yake" ana saa nzima ya kusema kuhusu kikundi chake: nani alikuwa mkuu, nani alitoa ng'ombe, nani aliimbwa hadi akahama mtaa. Kupitia ngoma unafika kwenye pesa, unafika kwenye ndoa, unafika kwenye utumwa, na mwisho unafika kwenye siasa. Strobel aliandika makala yenye kichwa kinachoeleza safari hiyo, kutoka lelemama hadi kushinikiza serikali. Mwaka 1958 wanawake Waarabu wa Mombasa waliandika ombi la kudai haki ya kupiga kura. Waliotoka kwenye ngoma walikuwa tayari wanajua kuitisha mkutano na kukusanya michango.

Mtafiti Susan Geiger alikutana na jambo hilohilo Dar es Salaam. Mwaka 1984 alimhoji Bibi Titi Mohamed kwa ajili ya utafiti uliokuja kuwa kitabu cha TANU Women mwaka 1997. Bibi Titi, kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU haikuanza kuwaandaa wanawake wa mjini kutoka sifuri. Iliwakuta wamekwisha kujiandaa, kikundi kwa kikundi, na Bibi Titi alijua milango ya kubisha. Ukimhoji kuhusu "uzalendo" utapata hotuba. Ukimuuliza kuhusu ngoma utapata namna chama kilivyojengwa.

Basi Kasenyi tuulize nini? Likelemba, ule mchango wa pesa unaopokewa kwa zamu. Mama muuza samaki amekuwa kwenye likelemba moja au nyingine tangu alipoanza kujitegemea, na anakumbuka nani alipokea zamu yake akatoroka. Kwaya pia, na akina mama wa parokia. Na samaki mwenyewe: nani alinunua kutoka kwa mtumbwi gani, chumvi ilitoka wapi, makayabo, yaani samaki wa chumvi, yalipandishwaje Bunia kabla ya pikipiki. Maswali hayo yana majibu yenye majina ya watu, bei na ugomvi, na historia haitaki zaidi ya hapo.

Halafu kuna suala la tarehe. Mhojaji asiye na uzoefu humuuliza mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" na mzee, kwa heshima, hubuni. Mfanyabiashara hakumbuki miaka, anakumbuka fedha. Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire tano na kumi kwa ghafla, na waliokuwa wamefukia akiba chini ya kitanda waliamka na karatasi tupu. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 zikaja faranga. Muulize mama kama mume wake alikufa kabla au baada ya noti kufutwa, naye atakujibu mara moja, tena kwa hasira. Kwa walio wakubwa zaidi zipo alama nyingine: enzi ambapo meli kutoka Butiaba, upande wa Uganda, zilitia nanga Kasenyi; ziwa lilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata Butiaba yenyewe ikazama; vita ya Mulele ya 1964; mwaka 1973, ziwa lilipopewa jina la Mobutu Sese Seko. Msimamizi wa maktaba aandike alama hizo kwenye karatasi moja kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kinasa chenyewe.

Kuhusu kinasa nitasema machache. Simu inatosha, mradi irekodi katika faili isiyobanwa. Saa moja ya WAV ya njia moja, kwa kipimo cha biti 24 na kilohezi 48, inachukua megabaiti 520 hivi. Ileile katika MP3 ya kawaida haifiki 60. Watu huchagua MP3 kwa sababu kadi inajaa, na hapo hupotea yale ambayo mwandishi atayahitaji baadaye ili kutofautisha maneno ya mama na kelele za mashine ya boti. Kadi ni rahisi kuliko kurudi kwa mtu aliyekwisha fariki. Kazi nzito inakuja baadaye: saa moja ya maneno hula saa nne hadi sita za kuandika, hata kwa mwenye mkono mwepesi. Na aandike Kiswahili cha Bunia kama kilivyotamkwa. Anayekisahihisha kiwe cha Unguja atatoa kitabu ambacho watoto wa msimulizi hawataisikia humo sauti ya mama yao.

Sasa jina. Kaje, Mishi na Shamsa wametajwa kwa majina yao kamili, na kitabu chao kinasomwa kama kazi ya watu waliokuwa na neno. Si kila mwanamke aliyeandikwa alipata hilo. Mfikirie Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba, wa nchi hii hii ya Congo, aliyeuzwa mara kumi katika miaka ya misafara ya watumwa, akaishia kwenye misheni. Alijikomboa kwa mali yake mwenyewe kutoka kwa mume aliyempata kwa kumnunua. Tunamfahamu kwa sababu mmisionari Dugald Campbell aliandika habari zake, zikachapwa Glasgow kwa Kiingereza. Jina lake lilibaki, lakini mpangilio ni wa mmisionari: giza, kisha nuru. Iliyofanya kitabu kiuzike ni nuru. Mwanahistoria Marcia Wright alilazimika kuja baadaye, katika miaka ya 1980, kulisoma simulizi hilo kinyumenyume ili amwone mfanyabiashara na mganga aliyefichwa nyuma ya mwongofu.

Na kuna jina lililofichwa kwa haki. Bogoro iko kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara hiyohiyo inayoshuka Kasenyi. Ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na wanawake walionusurika walitoa ushahidi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague katika kesi ya Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo. Walitambulishwa kwa namba. Mwaka 2014 majaji waliridhika kwamba ubakaji ulitendeka Bogoro, lakini hawakumtia Katanga hatiani kwa makosa hayo. Ukitafuta mahali ambapo maneno ya wanawake wa Ituri yameandikwa kwa ukamilifu na uangalifu kuliko pengine popote, neno kwa neno, swali na jibu, utayapata kwenye kumbukumbu za mahakama hiyo, kwa Kifaransa na Kiingereza, yakiwa na namba mahali pa jina. Siilaumu mahakama. Namba iliwalinda. Lakini tuone matokeo yake: sehemu ya historia ya mabibi zetu iliyotunzwa vizuri kuliko zote ni ile ya siku walipoumizwa, na bado haijashuka kurudi kwenye barabara ya Kasenyi.

Maktaba isishindane na mahakama, wala isirudie kazi yake. Waandishi wa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake cha Kampala, wamewahoji wanawake waliopitia vita vya kaskazini mwa Uganda na wanaoishi na virusi vya ukimwi, wakachapa masimulizi yao. Ni kazi ya maana. Hata hivyo mwalimu wa Kasenyi asiye na mafunzo ya kumsikiliza mtu aliyejeruhiwa asianze na Februari 2003. Aanze na chumvi. Mama akitaka kufika kwenye vita atafika mwenyewe, na hapo utaratibu wa maktaba lazima uwe umekwisha wekwa: kipande hicho kinarekodiwa katika faili yake peke yake, kinafungwa kwa miaka ambayo msimulizi mwenyewe ataitaja, na jina la kijiji au la mtu anayeshutumiwa halichapwi. Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, Mei 2021. Kuandika kwamba mama fulani alimwona fulani kunaweza kumfikia huyo fulani kabla kitabu hakijakauka wino.

Kibali nacho kiwe cha maandishi na kisomwe kwa sauti. Congo ina sheria ya haki za waandishi, amri ya tarehe 5 Aprili 1986, na maktaba inayotaka kuheshimika iseme wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mwenye simulizi ni aliyesimulia. Hapa hata Mombasa haikufanikiwa kikamilifu. Ukikitafuta kitabu kile katika orodha za maktaba, utakikuta kwanza chini ya Mirza na Strobel. Bi Kaje anapatikana kama mada. Aliyezungumza anakuwa kitu kinachozungumziwa, na kosa hilo halitokani na wahariri. Linatokana na fomu ya orodha, ambayo inauliza nani aliandika na haiulizi nani alisema.

Maktaba ndogo inaweza kuwazidi wakubwa kwenye jambo hili. Daftari la maktaba ya chumba kimoja halina haja ya kufuata mashine ya mtu. Safu ya kwanza iandikwe "msimulizi", ya pili "aliyeandika". Hayo tu. Kisha suala la rafu: mfumo wa Dewey unawaweka wanawake kwenye 305.4, pamoja na mambo ya jamii, na historia ya Congo kwenye 967.51. Msimamizi mwenye nia njema atakipeleka kitabu cha akina mama wa Kasenyi kwenye 305.4, karibu na vijitabu vya mashirika kuhusu usawa wa kijinsia, na hapo hakuna mwanafunzi atakayekwenda kutafuta historia. Kiwekwe 967.51, bega kwa bega na Stanley na Mobutu. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi unatukumbusha jinsi majina ya rafuni na ya mlangoni yanavyofanya kazi: maktaba ile ya 1931 ilijengwa kwa juhudi za mwanamke, Lucie McMillan, ikabeba jina la mumewe, na Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia hadi mwaka 1958. Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walioanzisha Book Bunk mwaka 2017 ili kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, walirithi jengo, na walirithi pia swali la vitabu vya nani vimo ndani.

Kitabu kikishakuwepo, programu ya maktaba inakuwa kazi nyepesi. Wasomaji wengi wa kwanza watakuwa wasikilizaji, kwa hiyo kisomwe kwa sauti, msimulizi akiwa ameketi mbele, na awe na haki ya kumkatiza msomaji. Atakatiza. Mwingine kwenye benchi la nyuma atamkatalia, aseme ile boti haikuwa ya Mgiriki yule bali ya ndugu yake, na hapo kinasa kiwashwe tena, kwa sababu toleo la pili limeanza. Ituri ina mfano wake wa kusikiliza namna hii. Kabla Julienne Lusenge hajaanzisha shirika la wanawake la SOFEPADI pamoja na wenzake Bunia mwaka 2000, na miaka mingi kabla ya Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa aliyoipata 2023, alikuwa mtangazaji wa Radio Candip, redio ya Chuo cha Ualimu cha ISP Bunia, akienda vijijini kuongea na akina mama. Utetezi wake ulianza kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza siku yao ilivyokwenda.

Tupige hesabu ya mwisho kwa penseli. Mama watatu, saa sita kila mmoja, ni saa 18 za kanda, na kwa kiwango cha juu ni saa 108 za kuandika. Mwalimu mwenye alasiri mbili za saa mbili kwa wiki anazimaliza katika wiki 27, ambazo zinaingia ndani ya mwaka mmoja wa shule. Uchapaji uwe wa fotokopi, Bunia, kurasa zikibanwa kwa uzi. Kila msimulizi apewe nakala tano, maana moja itaazimwa isirudi. Mbili zibaki Kasenyi, moja iende ISP, na moja itumwe Kinshasa kwenye Maktaba ya Taifa, kwa kuwa sheria ya 1974 ya kuweka nakala inawahusu hata wachapaji wadogo. Nyingine ipelekwe Kyangwali, Uganda, ambako maelfu waliovuka ziwa mwanzoni mwa 2018 walipewa makazi, na ambako bila shaka yuko mama mwenye deni la likelemba la kueleza upande wake.

Uzinduzi usiwe tarehe 8 Machi. Siku hiyo wote watakuwa kwenye gwaride, na mkuu wa wilaya atataka kuhutubia.